Matumbawe ya Plastiki

Kila aliyekuja kung'olewa jino alisahau maumivu kidogo akiwatazama wale samaki vipepeo wawili, manjano tupu, wakidonoa matumbawe ndani ya tangi.

"Wanakula hao, hawana habari na mtu!" wagonjwa walisema, mashavu yamewavimba.

Mtunza tangi alitabasamu shingo upande. Samaki wa aina ile hula vinyama laini vya matumbawe hai, basi. Haya yalikuwa ya plastiki. Kutwa walidonoa plastiki wakiongozana ubavu kwa ubavu, na jioni walilala njaa.

"Dada, watakufa," alimwambia daktari wa meno, dada yake wa tumbo moja na mwenye zahanati. "Rafiki yangu ana tangi la matumbawe hai. Niwapeleke leo."

"Wewe nawe! Mbona nawaona wanakula?"

"Wanatafuta tu. Hawapati."

"Wape vya kopo. Njaa ikiwabana watazoea."

Aliwapa vya kopo. Akawapa kamba waliosagwa, akawapa chaza wabichi. Waligeuza mgongo. Siku ya tisa akamkuta mmoja amelala kwenye changarawe, amekwisha. Samaki hawa huishi wawili wawili, na yule aliyebaki alimzunguka mwenzake, hakutaka kuondoka.

Mdogo mtu alipandwa na hasira mpaka machozi. Aliingia kwa daktari bila hodi, mfuko wa maji mkononi.

"Huyu mmoja bado anaweza kupona. Nakuomba, dada."

Daktari hakutoa hata macho kwenye kinywa cha mgonjwa. "Haya, kesho mchukue. Leo watoto wa shule wanakuja kukaguliwa meno, wakimwona hawalii."

Watoto walikuja, hawakulia. Walibandika pua kwenye kioo na kushangilia kila samaki alipodonoa.

Asubuhi alikuwa anaelea.

"Usininunie, mdogo wangu," daktari alisema akivaa glavu. "Nimeshaagiza wengine wanne. Wagonjwa wamewapenda mno."

Mdogo mtu alitaka kumwambia atafute mtu mwingine wa kutunza tangi. Badala yake, huku akijichukia, alichukua kitambaa, akafuta kioo mpaka kikang'aa, ili hao wanne waonekane vizuri wakifa njaa.