Tangi la Sebuleni

Tangu wamzike mtoto wao wa pekee, fundi hakuwa ameshika kazi yoyote. Siku moja akaamka mwenyewe, akaleta mabamba ya akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, akaanza kuyaunga sebuleni yawe tangi la samaki. Mkewe alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Usiliguse, mama. Gundi bado mbichi."

"Kwani nitalitafuna?"

Fundi akacheka. Masikio ya mkewe yalikuwa yameshakisahau kicheko hicho.

Alipotoka kwenda kutafuta pampu, mkewe aliona tangi limejaa alama za vidole. Akataka mumewe alikute linang'aa. Akachukua kitambaa na spiriti, akalisugua kwa mapenzi yote.

Fundi aliporudi, kila kona aliyoiunga ilikuwa imejaa nyufa nyembamba kama nywele.

"Umelipangusa na nini?"

"Spiriti, baba. Kama ninavyofuta madirisha."

"Hii si kioo, mke wangu. Spiriti inaipasua."

Alisema kwa upole. Mkewe alingoja afokewe, aombe radhi, yaishe.

"Tutaunga jingine, baba."

"Acha tu."

Akaiweka pampu chini, haijatolewa hata kwenye boksi, akarudi kitandani na kugeukia ukutani. Alipoitwa kula hakuitika, na kesho yake hakuamka kushika kazi.