Popo wa Yolande

Pascasie, fundi cherehani Mrundi pale mtaani Fordsburg, alikuwa amekunja uso juu ya riwaya kuukuu aliyoazimwa na mwalimu wake wa Kiingereza. Humo msichana mmoja alishika “bat”, akaupiga mpira hadi ng'ambo ya ua, kaka zake wakabaki wameduwaa. Pascasie akafungua kamusi. Bat ni popo.

“Waingereza hawa,” akasema, “mpira wanaupiga kwa mnyama wa watu.”

Binti yake Yolande, aliyekuwa akishona vifungo, alicheka mpaka sindano ikamponyoka. “Mama, si mnyama. Ni lile gongo langu la kriketi ulilolificha.”

Pascasie akairudia ile sentensi ya msichana na mpira. Mwezi mzima alikuwa akishikilia kwamba mchezo ule ni wa wavulana, na kwamba wasichana kuucheza ni ukaidi wa siku hizi. Akafunua ukurasa wa mbele kutazama mwaka riwaya ilipoandikwa: 1816. Kumbe wasichana walikuwa wakiupiga mpira zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Akainuka, akapenya nyuma ya majora ya vitambaa, akatoka na gongo limejaa vumbi.

“Shika popo wako,” akasema kwa ukali. “Na nisisikie kuna mvulana amekushinda.”