Kofia za Bure

Leona Kuczek alimpandisha na kumshusha kwa macho meneja mpya, kuanzia nywele zilizolazwa kwa mafuta mpaka viatu vilivyovaliwa bila soksi, akasonya. Januari hii, theluji imefika magotini, mwanamume mzima anatembea na vifundo nje!

"Huyo ndiye anayekuja kutufundisha kuweka akiba," alimwambia Norbert Zielke, aliyekaa kando yake akipambana na soseji na kabichi chachu.

"Punguza sauti, dada. Anakusikia."

"Na asikie. Sikuja kumbembeleza."

Ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha ekseli za magari ulijaa pomoni, maana mkutano wa mwaka una chakula cha bure, na watu wa mji ule kwa vya bure huwawezi. Jambo la kupigia kura lilikuwa moja tu. Chama chao cha akiba na mikopo, walichokiunda wafanyakazi wenyewe na kisichomtafutia mtu faida, kibaki chao au kimezwe na kikubwa cha jiji kuu? Kikimezwa, kidirisha cha huduma kilichokuwa mle mle ukumbini kingefungwa. Leona alikuwa amekaa kwenye kamati ya mikopo miaka na miaka bila kulipwa hata senti. Wakati wa mgomo mrefu, mabenki yalipowageuzia wagomaji kisogo, kamati hiyo ndiyo iliyowavusha watu majira ya baridi. Norbert mwenyewe bado ana nyumba kwa sababu Leona alitia saini mkopo wake.

Meneja, Tyler Brandvold, aliyetaka chama kimezwe, akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu!"

Neno lile watu walilipata kwa kusimama getini kwenye barafu wakati wa mgomo, na huyu alikuwa hajawahi kusimama popote isipokuwa mbele ya kioo. Tyler akaongea weee, mara huduma za kwenye simu, mara jina jipya la chama ambalo hata yeye hakuweza kueleza maana yake. Mwisho akafungua maboksi. Kila mtu atapata kofia!

Leona akaipindua ya kwake. Ndivyo walivyolelewa wote mle ndani: kabla hujavaa kitu, unatazama kwanza ndani kama kina lebo ya chama, ile inayoonyesha kwamba walioshona wana chama chao na wanalipwa kama binadamu. Hii haikuwa nayo. Moyo ukamruka kwa furaha. Amekwisha, mpumbavu huyu! Zamani kuna mgombea alileta fulana zisizo na lebo, zikarushwa jukwaani kabla hajamaliza kutaja jina lake.

Akangoja. Huku na huko watu walizipindua kofia, vidole vikifanya vilichozoea. Mzee wa meza ya mbele alichungulia ndani, akaguna, akaivaa. Mkewe naye akaivaa. Punde ukumbi mzima ukawa wa bluu.

"Kijana!" Norbert akaita, mkono juu. "Unayo nyingine ya mjukuu wangu?"

"Norbert," Leona alisema. "Haina lebo."

"Nimeona."

"Umeona, na umeivaa."

"Upara unaniganda, Leona."

"Hiyo nyumba unayolala, nani aliiokoa?"

"Wewe. Sijasahau." Norbert akaweka uma chini. "Lakini kiwanda kimekufa. Nani anakuja kwenye kile kidirisha? Mimi na wewe, tena tunafuata kahawa."

"Basi mngejiuza kwa bei. Mngedai hata na makoti!"

Ilipopigwa kura, mikono ya kukataa ilikuwa michache mno, na Leona hakutaka kuitazama. Aliwadharau wote, kuanzia meza ya mbele mpaka mlangoni. Aliyemdharau zaidi alikuwa Norbert, kwa sababu ndiye Leona aliyempenda kuliko wote.

Alikuwa anatoka pale Tyler alipomkimbilia. "Mama Kuczek, umesahau kofia yako!"

"Lete, baba. Nina kazi nayo."

Nje theluji ilikuwa imefunika magari. Leona akalifuata lake, akakunja ile kofia, akafutia kioo mpaka kikang'aa. Ilifuta vizuri, hilo hakuweza kuikatalia. Kwenye gari la pili Norbert alikuwa anajipapasa mifuko akitafuta kikwangulio chake cha barafu. Leona akaenda, akamsukuma pembeni, akafuta kioo chake pia, pande zote, bila haraka.

"Acha, Leona, nitafuta mwenyewe."

"Nataka uone vizuri unakokwenda."

Akaikamua kofia, maji machafu yakachuruzika, akamwekea mkononi.

"Hii mpe mjukuu."

Norbert alivua na ile ya kichwani, akabaki amesimama na kofia mbili mkononi, theluji ikimwangukia kwenye upara, mpaka gari la Leona likatoka getini.