Fimbo Ndefu ya Erchie

"Hivi, Grizel, mumeo anacheza gofu au analisha samaki?"

Jirani yake, Nan Pirie, alimuuliza hivyo siku moja, akiwa ameegemea ukuta wa ua na nguo mbichi begani. Grizel alicheka kuliko hata aliyeuliza. Jioni ile alimpelekea Erchie swali lile mezani pamoja na viazi. Erchie naye akacheka, akaomba chumvi.

Sasa Erchie alikuwa amelala nyuma ya kanisa tangu Novemba, na Grizel alisimama katika karakana ya Lachlan Tosh, ameikumbatia fimbo ya marehemu, ile ya kupigia mpira wa mbali. Jumamosi uwanja wa gofu wa mji, ulio kando ya bahari, ungefunguliwa, na kwa desturi yao mpira wa kwanza wa msimu hupigwa na mjane wa mchezaji aliyefariki. Hakuwahi kucheza. Asubuhi alikuwa ameomba, si kwa ajili ya mpira, maana aliona haya kumsumbua Mungu kwa mpira, bali kwa ajili ya mikono yake. Alitaka jambo moja tu: mpira wa Erchie uende mbele, watu wasicheke tena.

"Nikatie ifike kimo changu, shemeji."

Lachlan, aliyewatengenezea fimbo nusu ya watu wa mji na kucheza na Erchie maisha yao yote, alimpima kwanza, utepe kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kisha akaupaka uso wa fimbo chaki.

"Piga. Ila usipige kama unakung'uta zulia."

"Mimi msafishaji wa kanisa. Zulia ndilo ninalolijua."

Akapiga. Mpira ukaenda kulia, ukingoni mwa wavu uliotundikwa ukutani. Akapiga tena, kulia tena. Alama za mpira kwenye chaki zilikaa pembeni kabisa, kama vidole vya mtu anayening'inia.

"Unaona? Nikikata mpini huu utazidi kuwa mgumu. Huu ni wa kijana mwenye mabega. Jaribu hii."

Aliyompa ilikuwa fupi, nyepesi, uso wake umepakwa chaki, na mpini wake ulinepa kidogo. Mpira ukagonga katikati ya wavu. Grizel akaitazama alama, moja, safi, katikati ya chaki. Akairudisha fimbo.

"Nzuri. Lakini nataka ya Erchie. Kaichezea miaka yote."

"Kaipigia mipira baharini miaka yote."

"Ni mikono yake ile, usiisingizie fimbo. Nilimnunulia mimi, tulipooana, kwa mshahara wa kiwanda cha samaki. Nilichagua iliyokuwa ndefu kuliko zote dukani, nikajua ndiyo itakayofika mbali."

Lachlan akaweka utepe chini.

"Nilijua ni wewe. Aliwahi kuja hapa, akasimama hapohapo ulipo. Nikampima, nikampa inayomfaa. Mpira ukanyooka kama uzi. Akamaliza kapu zima la mipira, anacheka kama mtoto."

"Mbona sikuiona nyumbani?"

"Nilimwambia aichukue bure. Akaishika, akaishika, halafu akanirudishia. Akasema, 'Nikienda nayo, Grizel ataniuliza ile yake ina kosa gani.'"

Mvua nyembamba ilikuwa imeanza juu ya bati. Lachlan alisimama na msumeno mkononi, akingoja aambiwe, huku fimbo zote mbili zimelazwa mezani mbele yake.

Grizel akatoa leso. Akaifuta chaki kwenye uso wa ile ndefu, taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayemfuta mgonjwa mdomo. Akafunga kitambaa chake cha kichwa chini ya kidevu. Kisha akaichukua ileile, nzima kama ilivyokuwa, akaushikilia mlango kwa kiwiko ili isigonge popote, akatoka mvuani.