Mkono wa Sekake

Alhamisi ile, siku ya tano tangu Sekake azikwe, Malebusa alikuwa ameketi sakafuni akigawa mche wa sabuni kwa uzi. Ukikata kwa kisu, sabuni inameguka na kila mtu anaona amepunjwa. Uzi unapita katikati bila ugomvi. Nusu moja ilikuwa ya mjane wa Sekake na nusu nyingine ya mzee aliyeunguliwa na nyumba kule mlimani. Jirani yake, mama mwenye miguu mirefu na habari nyingi, akachungulia mlangoni.

"Malebusa, mkono umetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kaburini. Kwa Sekake."

"Upi?"

"Wa kulia."

Malebusa akamaliza kukata, akaifunga kila nusu kwenye gazeti lake, akavaa kizibao cha njano na kujitanda blanketi juu yake, akalibana kwa pini. Kizibao alipewa mjini wilayani pamoja na mkoba na mafunzo ya siku tatu, na kwa mamlaka hayo yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa wahanga wa uhalifu na majanga kwa kijiji kizima cha Ha Mphakoana na vitongoji vyake vitatu. Alifundishwa kuketi chini kuliko anayelia, kutomharakisha, kutomuuliza kwa nini, na kutomwahidi lolote. Habari za mikono hakufundishwa, lakini siku tatu ni chache.

Mkono ulikuwa umetoka hadi kwenye kiwiko, umevaa shati jeupe la maziko lililofungwa kifungo, kucha safi. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka kuelekea mji wa chifu, nyumba zake za kule kilimani. Watu kama ishirini walikwisha kufika, na mchimba kaburi alikuwa akijitetea.

"Futi sita, jamani. Nilikuwa mle ndani mimi mwenyewe, hata kofia haikuonekana."

"Nani kakulaumu, ntate, baba yetu? Sisi tunasema mbuzi watalitafuna hilo shati."

Wakakubaliana wajenge ukuta mdogo wa mawe kulizunguka kaburi, na wakaanza papo hapo, maana mawe hayana shida Ha Mphakoana. Waliokuwa wamesimama kati ya kidole na mji wa chifu walisogea pembeni mmoja mmoja, wakiinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa wanaozungumza. Hakuna aliyeuliza kidole kinaonyesha nini. Walijua wote.

Sekake alikuwa mkata manyoya ya kondoo. Alikuja kutoka ng'ambo ya milima na mkasi wake kwenye kiuno, akamwoa Mosele, binti wa hapo hapo, akabaki. Siku ya kufa kwake alikuwa kwenye banda la manyoya, amemlaza kondoo aliyeletwa na Letlatsa, mtoto wa chifu. Akaligeuza sikio la yule kondoo, penye alama ya mwenye mali, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alama hii si ya kwenu." Letlatsa akampiga fimbo ya kichwa mara tatu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri, na watu waliopanga foleni walikuwa arobaini. Polisi walipofika jioni ilibainika kwamba wote arobaini, wakati huo huo, walikuwa wameinama, kila mmoja anamfunga kondoo wake miguu. Sajenti aliandika maelezo kumi na mawili ya namna hiyo, akachoka, akawaambia waliobaki wapige dole gumba chini ya yale ya mwisho.

Malebusa naye alipiga la kwake. Chifu ni kaka yake, tumbo moja. Letlatsa alibebwa mgongoni na yeye, miaka miwili mizima, mama wa mtoto alipokuwa hajiwezi, na mpaka leo akimwona akishuka kilima moyo wake unalainika, hilo halifichi. Kwamba shangazi wa muuaji ndiye mfariji wa mjane lilikuwa jambo la kijiji kidogo tu. Kizibao kilikuwa kimoja, na aliyejua kusoma fomu alikuwa yeye.

Siku ya pili Letlatsa alipanda farasi kwenda kinuni, na mkono ukageuka naye, taratibu, ukivuka malisho na mto mpaka ukatulia upande wa kinu. Jioni ukarudi naye. Kufikia wiki iliyofuata watu walikuwa wamekwisha kuzoea, na si kuzoea tu, walikuwa wanafaidika. Aliyetaka kuazima farasi wa chifu alitazama kwanza makaburini ili asipande kilima bure. Mke wa chifu, mama yake Letlatsa, alitoka uani na mwiko mkononi, akaangalia, akarudi jikoni. "Mkono umeshavuka mto," aliwaambia wasichana. "Haya, wekeni maji ya ugali." Jina la mwenyewe hakuna aliyelitaja. Walisema tu mkono uko kinuni, mkono uko kwa fundi viatu, mkono leo haujatoka nyumbani, labda una mafua.

Sajenti akarudi, maana habari ilikuwa imemfikia na aliona inamhusu. Alishuka kwenye farasi, na Letlatsa, ambaye amelelewa vizuri, akampokea hatamu. Sajenti akatoa daftari, akazunguka ule ukuta wa mawe.

"Mkono huu unaonyesha nini?" akauliza.

"Magharibi, ntate," akajibu mzee mmoja.

"Magharibi kuna nini?"

"Kuna milima."

Sajenti akaandika milima. Letlatsa akasogea na farasi ili asizibe, na kidole kikasogea naye. Akasogea tena upande wa pili, kikamfuata.

"Kijana, hebu tulia mahali pamoja," sajenti akasema. "Unanivuruga."

Mosele alikuwa ameketi kando ya kaburi, amejifunika kitambaa cheusi, miezi mitano ya ujauzito ikianza kuonekana chini ya blanketi. Akasema, "Andika jina."

"Jina la nani, ausi, dada yangu?"

"La huyo uliyempa farasi."

"Ulikuwepo bandani?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mtoni nafua."

Sajenti akafunga daftari. Hakuwa mtu mbaya, na pingu alikuwa amekuja nazo, zilikuwa zinaning'inia pale kiunoni kila mtu anaziona. Akawageukia wanakijiji. "Mkono si shahidi. Mkono hauli kiapo. Nataka mtu mmoja aliyeona. Sitaki wawili, sitaki kumi. Mmoja tu aseme, na leo hii naondoka naye."

Watu wakayatazama majani. Yalikuwa majani ya kawaida, mafupi, yaliyoliwa na kondoo, lakini yalitazamwa muda mrefu sana. Malebusa alikuwa anatazama mkoba wake. Sajenti akashukuru kwa kushikiwa farasi, akapanda, akaenda zake.

Hapo ndipo huruma ya kijiji ilipoanza kweli kweli, na asije mtu akasema Ha Mphakoana hawana utu. Paa la Mosele lilikuwa linavuja, likaezekwa upya kwa siku moja. Samadi kavu ya kuwashia moto ilirundikwa ukutani hadi ikafika dirishani. Mama wa miguu mirefu alimletea kuku anayetaga. Wale waliokuwa wanamfunga kondoo miguu walimletea manyoya ya kujaza godoro, na maboga, na mtama uliokwisha kupepetwa. Walikuja wawili wawili, wakaketi, wakashika tama, wakasema pole, wakasema ni kazi ya Mungu. Mosele alikuwa akiwasikiliza hadi mwisho, kisha anawauliza swali lile lile. "Wewe uliona nini?" Wakasimama, wakasema jua linazama, kumbe ni saa saba.

Malebusa alikwenda kila Jumanne na kila Ijumaa. Aliketi chini kuliko Mosele. Hakumharakisha wala hakumuuliza kwa nini, na katika kutoahidi lolote hakuna aliyemshinda.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kijiji kikaitisha msaragambo wa kulima shamba la mjane. Wanaume kumi na wawili walikuja na maksai. Chifu alitoa jozi yake bora, na pamoja na jozi akamtoa mwanawe kuiongoza, mmoja wa wale kumi na wawili. Letlatsa alilima vizuri kuliko wote, mstari umenyooka, hasemi ovyo na wanyama. Alikwenda mpaka mwisho wa shamba, akageuza, akarudi, na kule makaburini mkono ulikwenda naye na kurudi naye asubuhi nzima. Maksai wenyewe walikuwa wanautazama.

Sasa, kwa desturi za kule, aliyeshika plau kwenye shamba lako anakula kwako siku hiyo. Kumnyima mmoja ni kuwanyima wote, na mkono ulionyimwa haurudi tena, hata mvua ikikukuta hujapanda. Mosele alikuwa amepika tangu alfajiri, Malebusa akimsaidia, kondoo mzima, ugali wa mahindi na pombe ya mtama. Wanaume waliponawa na kuketi uani, akapakua, akagawa kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Sahani zilikuwa kumi na moja.

Letlatsa aliketi mwisho wa mstari, kofia ameiweka juu ya goti, anangoja. Wenzake nao wakawa hawali. Nyama ilikuwa inapoa.

"Sahani moja imepotea," mzee mmoja akasema kwa upole.

"Haijapotea," akasema Mosele.

"Ausi, usitutie aibu. Mtu kakulimia."

"Kanilimia. Na kabla ya kunilimia kanifanyia nini? Semeni, nami nitampakulia hata chungu kizima."

Mkono ulikuwa unaonyesha uani mle mle, na kutoka walipoketi kidole kilionekana vizuri hata ukucha. Mzee akakohoa. Mwingine akasema nyama imeiva sana leo, ingawa alikuwa hajaionja. Letlatsa aliinua macho akamtazama shangazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya banda Malebusa akamwona ana hofu, hofu ya mtoto aliyesahauliwa kwenye karamu.

Malebusa akasimama. Akachukua sahani, akapakua ugali, akamchagulia kipande cha bega, akampelekea kwa mikono miwili.

"Asante, shangazi."

"Kula, mwanangu."

Wanaume wakaanza kula wote kwa pamoja, kwa kelele na nafuu kubwa.

Walipomaliza na kutawanyika kwenda kufungua maksai, Mosele alifunga mlango, akabaki ndani na Malebusa. Alikuwa halii. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama, sajenti alisema mmoja."

"Nilimsikia."

"Mimi sikutumi kwa sajenti. Sitaki hata utoke humu. Niambie mimi tu, hapa, mlango umefungwa. Sema ulichokiona. Ukishasema nitafanya kama sikusikia, na mtoto wako nitampakulia kila mwaka mpaka azeeke. Lakini nataka nikisikie kwa mtu. Wamenijazia nyumba, mama, hata pa kukanyaga hakuna, na mimi nazidi kuwa kichaa."

Malebusa aliketi kwenye kigoda, chini, kama alivyofundishwa. Maneno yalikuwepo. Hayakuwa mengi, yalikuwa jina na fimbo na namba tatu. Alimpenda binti huyu. Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikumsaidia mtu.

"Nilikuwa nimeinama," akasema. "Nafunga kondoo miguu."

Mosele akamtazama.

"Wewe huna kondoo, mama."

Ilikuwa kweli. Wa mwisho alimfia kwenye theluji mwaka wa nne sasa. Siku ile Malebusa alikuwa bandani kuuza chai, amesimama wima juu ya kreti, akimimina, uso umeelekea kule kule, na chai ya moto ikammwagikia kwenye kiganja asisikie mpaka jioni. Kovu lilikuwa bado jekundu. Mosele alikuwa akiliangalia.

Malebusa akauvuta mkoba, akatoa fomu ya ziara. Kwenye nafasi ya hali ya mhanga akaandika: Shamba limelimwa. Anakula kidogo. Akamsogezea Mosele kalamu, na Mosele akatia sahihi, kwa sababu bila sahihi mafuta ya taa ya mwezi ujao hayaji.

Nje, Letlatsa alikuwa amemngoja kando ya njia, maksai wametangulia. Akampokea mkoba, kama inavyompasa kijana kumpokea shangazi yake, akampa mkono kwenye mawe yenye utelezi, wakaanza kupanda. Malebusa alikuwa na aibu, na aliijua kuwa ni aibu, hakuipa jina jingine. Hakuuachia mkono aliopewa. Mosele alitoka akasimama mlangoni kwake. Kule makaburini kidole kiliwasindikiza taratibu mpaka juu, na kwa jinsi walivyokuwa wanatembea wameshikana, mgeni asiyejua habari za Ha Mphakoana asingeweza kusema kinamwonyesha nani kati ya wale wawili.