Mwaka Usio na Maua

Walli alipopiga simu kutoka Hamburg kusema anakuja likizo mwisho wa kiangazi, baba yake Veit alikuwa mezani. Kijiko kikabaki hewani mpaka supu ikapoa. Miaka sita! Miaka sita binti hajakanyaga bonde lile, tangu siku alipokataa kurithi shamba na ng'ombe, na Veit, kwa hasira zake za mkizi, akamwambia akivuka daraja la mtoni asirudi. Walli akavuka. Huko alikokwenda akaolewa, akazaa, na mjukuu huyo, Lene, Veit alimjua kwa picha tu.

“Lene anataka kuona ng'ombe wakishuka kutoka mlimani na maua vichwani,” Walli alisema. “Kila siku namsimulia. Mtawashusha lini mwaka huu?”

“Septemba, kama kawaida. Mje, mje!” alijibu mama yake, Burgl, huku akimkodolea mumewe macho asije akaharibu.

Tangu hapo nyumba ikawa ni mipango tu. Chumba cha darini kifunguliwe, magodoro yaanikwe, buti za Walli za utotoni zipakwe mafuta ili Lene apate za kupandia mlima. Siku ya ziwani, siku ya gari la waya la kupandia mlimani, siku ya kupika madonge ya mkate. Veit alijifanya hasikii. Halafu jioni moja akaropoka nyuma ya gazeti, “Ziwani wasiende Jumatatu. Mkahawa unafungwa.”

“Kumbe masikio yapo!” Burgl akacheka.

Basi Agosti ikaja na mvua ya radi kule malisho ya juu. Ng'ombe wakatawanyika, na Gamsl, yule ng'ombe kiongozi wao, akateleza gengeni akafa. Na katika bonde lile hata mtoto anajua: mwaka ambao mlima umechukua ng'ombe au mchungaji, kundi linashuka kimya, bila ua hata moja. Maua ni shukrani kwamba wote wamerudi. Wasiporudi wote, unamshukuru nani? Desturi hiyo haijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

“Umemwambia Walli?” Burgl aliuliza.

“Nitamwambia.”

Akauliza tena wiki iliyofuata. “Nitamwambia, mama weye, mbona unanisakama?”

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi moja Burgl aliingia ghalani kutafuta ndoo, akamkuta mumewe amekaa kwenye gogo, matawi ya msonobari mapajani, anafunga maua ya karatasi, mekundu na meupe. Taji zima la ng'ombe lilikuwa limekaribia kwisha.

“Veit! Unafanya nini?”

Mzee akaficha mikono kama mtoto aliyekutwa na sukari.

“Gamsl hajaoza huko gengeni, na wewe unafunga maua? Utapita nayo katikati ya kijiji? Watu watasema nini?”

“Waseme.”

“Waseme! Wewe ndiye uliyeacha kumsalimia jirani Jörgl mwaka mzima kwa sababu alichelewa kanisani!”

Veit hakucheka. Aliliangalia taji lake. “Mtoto kaahidiwa maua,” alisema. “Kama hakuna maua, Walli hana sababu ya kuja. Atasema watakuja mwakani. Na mwakani atasema mwakani. Mimi hizo mwakani ninazo ngapi, Burgl?”

Hapo hasira yote ikamtoka mama wa watu. Alikaa kando yake kwenye gogo, akalitoa taji mikononi mwake polepole, akaliweka chini.

“Baba Walli,” alisema, “mpigie simu. Mpigie wewe, si mimi.”

Tuseme kweli: mzee yule aliyewahi kulala peke yake mlimani radi zikipasua miamba alikuwa anaogopa simu. Alinawa mikono, akachana nywele, eti binti atamwona! Ndipo akapiga.

“Walli. Mwaka huu hakuna maua. Gamsl ameanguka.”

“Lo! Baba, Gamsl? Pole. Lini?”

“Agosti. Nilikuficha. Sasa, kama mnaona heri mje mwaka mwingine, maua yakiwepo, mimi nitaelewa.”

Veit akafumba macho.

“Baba,” Walli alisema, na sauti haikuwa sawa. “Unadhani nakuja kuangalia maua?”

“Si ulisema mwenyewe?”

“Nilisema, ndiyo! Ningesemaje? Ulinikataza kurudi. Nipige simu niulize, Baba, naruhusiwa kuja kwetu? Nilitafuta kisingizio. Nikamtanguliza mtoto, nikatanguliza na ng'ombe.”

Veit alishika ukuta. “Yale maneno ya darajani,” alisema, “hata hujafika ng'ambo nilishayajutia.”

“Mbona hukuniita?”

“Ujinga, mwanangu. Ujinga na kiburi. Nisamehe.”

Walli alipenga kamasi upande wa pili, kisha akauliza, kama mtu aliyekulia zizini, “Sasa nani atawatangulia, na Gamsl hayupo? Watamfuata nani?”

“Watamfuata mtu tu. Mimi goti limenigomea. Nitamwomba Jörgl.”

“Usimwombe Jörgl. Ukimwomba nitakasirika. Nitakuja wiki moja kabla, wanizoee tena. Nitawatangulia mimi, Lene nitamshika mkono.”

Veit akampa Burgl simu, akakaa kwenye ngazi na kujifunika uso kwa kofia.

“Mama? Baba amesemaje?”

“Hajasema,” Burgl alijibu. “Analia. Wewe njoo tu, mwanangu.”