Mnyoo wa Mguuni

Mjinga siku zile nilikuwa mimi. Nakiri mapema msije mkamtafuta kwingine.

Nakata nyama katika bucha ya Gashe Mulatu, hapa Addis Ababa. Kwa kawaida Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hakuna anayegusa nyama, na bucha haifunguliwi. Lakini baada ya Fasika, Pasaka yetu, zinakuja siku hamsini zisizo na mfungo hata mmoja. Watu wanakula kama waliotoka jela, harusi juu ya harusi, nami nasimama kwenye gogo la kukatia nyama tangu alfajiri hadi jioni, wiki nzima. Mchana najikatia kipande kibichi, nakichovya kwenye pilipili, nakila wima.

Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Kwanza vidole, kisha upande wa nje wa muundi, hadi karibu na goti. Jumatatu nilikuwa nimeshavuka mtaa mzima kuelekea nyumbani, muuza vitunguu akanipigia kelele: "Wewe, kandambili yako nyingine umemwachia nani?" Nikatazama chini. Mguu mtupu, na sikuwa na habari.

Jumanne nikaanguka na paja la ng'ombe begani, mbele ya wateja. Gashe Mulatu hakucheka.

"Jumamosi kuna ng'ombe wanne wa harusi," alisema. "Kama hujapona, gogo nampa Zeleke. Na akishashika kisu hapa, simtoi."

Nina watoto watatu, na gogo lile ndilo linalowalisha. Nikatafuta dawa kwa kila mwenye mdomo. Gashe akasema ni baridi ya sakafu. Zeleke, anayeitamani kazi yangu, huku meno yote nje, akasema ni jicho baya. Etete Zenebech, muuza koso, dawa yetu ya minyoo sisi walaji nyama mbichi, hakuhitaji hata kunitazama.

"Koso ulikunywa lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya Kwaresima, Etete."

"Mwanangu! Huyo mnyoo sasa ana wajukuu. Tumboni hawaenei, wanahamia mguuni."

Nikaona hilo lina akili. Nikanywa bakuli zima, chungu kama talaka, nikashinda chooni Jumatano yote. Mnyoo ulitoka. Ganzi ikabaki.

"Huo ulikuwa wa juu," Etete alisema. "Wa chini bado."

Sasa, kati ya gambuti nilizonunua wakati wa Fasika, ya kushoto ilikuwa pana, damu na maji vikiingia, kwa hiyo nilikuwa nafunga ukanda wa mpira wa tairi juu ya shingo ya buti hiyo, chini kidogo ya goti. Nikajiambia: mnyoo wa chini usipate pa kupita. Nikaukaza. Ganzi ikazidi. Nikaukaza tena.

Alhamisi mke wangu, Wubit, akanitoa kwenye gogo nikiwa na gambuti zangu, akanipeleka kliniki. Sista Meselech akanichoma kidole apime sukari, akauliza kuhusu mgongo, unywaji wa araki, chakula. Kila swali lilinifanya nijione nina ugonjwa mpya.

"Inua kidole gumba cha mguu."

Nikakiamuru. Kikanitazama tu.

Akanivua buti, akanipandisha suruali. Chini ya goti palikuwa na mfereji mwekundu kama umechorwa kwa kisu.

"Hiki nini?"

Nikamweleza habari za mnyoo wa chini na ukanda wa mpira. Sista akaweka kalamu mezani, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika.

"Kaka," alisema alipopata pumzi, "hapa nje ya goti kuna mshipa wa fahamu, uko juujuu. Wewe umeukaba koo. Na mguu unaosimama kutwa bila kupumzika huvimba, basi kila jioni mpira unabana zaidi. Sukari yako nzuri. Tupa mpira, kaa kitako dakika chache kila saa, uganga mwingine acha. Itachukua wiki kadhaa. Kidole kisipoinuka, rudi."

"Na mnyoo?"

"Mnyoo haujui hata kwamba wewe una mguu!"

Ijumaa tukaenda buchani wawili. Wubit alimwomba Gashe Mulatu kigoda kimoja tu, kiwekwe kando ya gogo.

"Mkata nyama anayekaa?" Gashe alisema bila kunyanyuka kitini. "Wateja watadhani na ng'ombe alikufa kwa uchovu. Mimi nimesimama bucha hii miaka thelathini, mbona miguu yangu mizima? Mumeo ni mvivu. Kesho anakuja Zeleke."

Wateja walikuwa kama wanane. Wote wakasogea wasikie.

"Gashe," Wubit alisema, "hicho kiti ulichokalia umekibadilisha ngozi mara tatu. Kimechakaa kwa kukutazama ukisimama?"